Uzi wa Kitovuni

Kishanga kilikuwa kijani alfajiri, Siwatu alipomnyonyesha mgeni wake. Kilikuwa kijani bado jua lilipopanda na king'ora cha korona, mashine ya kusaga mkonge, kikawaita watu kwenda kumenya mkonge. Alipomweka mtoto begani amcheulishe, kisha akamlaza tena mapajani, akakikuta chekundu. Si wekundu ule wa kupepesa, unaokuja mtoto akilia na kuondoka akinyamaza. Wekundu tuli, kama jicho la mtu anayekutazama bila haya.

Na mtoto hakuwa akilia. Hilo ndilo lililompasua roho. Alikuwa akihema juujuu, mbavu zikizama na kuinuka kama za kifaranga, kisha akashtuka mwili mzima, mikono ikatawanyika, akatulia.

"Mama," Siwatu alimwita Bi Kidawa, mama yake mzazi, aliyekuwa ameketi mkekani akikunja mawinda. "Mama, hebu tazama kishanga."

Bi Kidawa alitazama, akageuza uso upesi kama aliyechungulia chumba cha watu. "Mashine hizo. Jua limekipiga tu."

"Humu ndani jua linatoka wapi?"

Bi Kidawa akakunja winda ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

Kishanga hicho hakikuzidi punje ya mtama. Kilikaa kwenye ncha ya kisiki cha kitovu, kikichungulia juu ya kitambaa cha kaniki alichofungwa mtoto tumboni. Ndani ya kisiki ndimo ulimopita Uzi: singa moja ya mkonge, nyembamba kuliko unywele, mkonge ambao Kampuni ya Singa Hai iliufundisha kuishi ndani ya damu. Ulipandwa saa ileile mtoto alipozaliwa. Ukapenyezwa kwenye mshipa wa kitovu mpaka juu, jirani na figo, ukakaa humo ukidondosha kinga ya homa tone kwa tone na kuusimulia mnara wa kampuni kila pigo la moyo. Siku arobaini. Zikitimia, Uzi huyeyuka, kisiki kikadondoka, na mtoto akapewa jina. Kabla ya hapo, kambini Kwemlavu, mtoto hana jina. Ni mgeni, hajasema kama atakaa. Hana jina, lakini namba anayo. Kampuni haikungoja arobaini ya mtu. Mgeni wa Siwatu alikuwa 4417.

"Nesi! Nesi Nakunda!"

Nakunda alikuja akifuta mikono kwenye gauni. Alikuwa Mpare mnene, mkavu wa maneno, na shingoni alining'iniza mkanda wake wa presha, mdogo kama bangili ya mwanasesere. Kampuni ilikuwa imemwambia mara kadhaa autupe, mnara unatosha. Aliuzungusha kwenye mkono wa mtoto, akabonyeza kipira, akasikiliza. Akarudia. Akahamia mguuni, akarudia tena.

"Mia na kumi na nane," alisema.

"Ni nyingi?"

"Kwangu mimi na wewe ni salama kabisa. Kwa huyu, sabini ingemtosha. Huyu ana presha, Mama Mgeni. Imepanda sana."

"Presha?" Bi Kidawa akapiga makofi. "Mtoto wa siku kumi na moja ana presha! Kaoa lini? Mke wake nani anayemsumbua?"

Wanawake wa vitanda vya jirani wakacheka, na kwa muda mfupi kicheko kile kilimpunguzia Siwatu hofu. Halafu mmoja wao, Mwajabu, mama wa mapacha, akafunua shuka kumtazama Kulwa wake, na kicheko kikamkauka kooni. Chekundu. Akafunua mwingine, wa kitanda cha dirishani. Chekundu. Wodi ikanyamaza kitanda kwa kitanda.

Nakunda alikuwa amekwisha kuingiza kidole ndani ya winda la mtoto. "Amekojoa lini mara ya mwisho?"

Siwatu alihesabu nyuma. Jana jioni? Jana mchana? Alikuwa ameamka na winda kavu, akashukuru Mungu, akasema leo nimepumzika kufua. Sasa shukrani ile ilimrudi kama kofi.

"Figo yake haifanyi kazi sawasawa," Nakunda alisema polepole. "Sijui kwa nini. Lakini presha ikikaa hapo, itapanda kichwani. Degedege. Moyo nao utachoka."

Degedege. Neno hilo Siwatu alilijua kwa uzito wake. Mtoto wake wa kwanza, Sefu, alikufa kwa degedege mikononi mwake, mwaka ule wa mbu wapya, kabla Uzi haujafika. Meno yaling'atana mpaka akasikia yakisaga. Ndiyo maana walipokuja watu wa kampuni na Uzi wao, Siwatu hakuulizwa mara mbili. Alipanga foleni akiwa na mimba ya miezi mitatu.

*

Bwana Kalumuna, Afisa Ustawi wa Singa Hai, aliingia jua likiwa limekaribia utosini. Shati jeupe, viatu vya kuchongoka, sauti ya mtu anayembembeleza mbuzi aingie zizini.

"Kina mama, poleni sana. Poleni kwa kweli. Mnara umeona kila kitu, msiwe na wasiwasi."

"Umeona nini?" Mwajabu aliuliza.

"Chumvi. Mnakula dagaa, mnakula samaki wa ng'onda, chumvi inapita kwenye maziwa. Mtoto mchanga hana pa kuiweka. Inampandisha presha."

Wanawake wakatazamana. Dagaa walikula, nani asiyekula dagaa Kwemlavu? Nyama waione wapi? Hivyo ndivyo maneno ya aina hiyo yanavyofanya kazi: hukutafutia kosa palepale ulipozoea kuishi, nawe huna pa kulikanushia.

"Saa tisa kamili," Kalumuna aliendelea, "mnara utaongeza dawa ya presha uliyoanza kuwapa asubuhi kupitia Uzi. Dozi kubwa, kwa vishanga vyote vyekundu kwa mpigo. Lori litakuja kuwachukua hao wekundu kwenda Nyumba ya Malezi, wakapate maziwa ya kopo. Ni siku chache tu."

"Na sisi?" Siwatu aliuliza.

"Nyinyi mtarudi kazini, mama. Mtawaona arobaini ikitimia."

Nyumba ya Malezi ilionekana kutoka dirishani: kuta nyeupe, ua wa nyaya, madirisha ya juu ambayo mtu mzima hawezi kuchungulia. Siwatu alipoitazama hakuona kuta nyeupe. Aliona banda la singa.

Maana Kwemlavu haisahau. Zama za manamba, watu walipoletwa kwa malori kutoka bara wakavishwa namba shingoni wakate mkonge wa wenyewe, wanawake waliojifungua kambini waliamriwa kuacha watoto kwenye banda, kwa kikongwe mmoja na sufuria la uji. Mtoto akifa mchana, mama aliambiwa jioni, kazi ikishakwisha, asije akapunguza kasi. Nyanya wa Bi Kidawa aliambiwa hivyo mara mbili. Alisimulia habari hiyo mpaka siku anakufa, na kila aliposimulia alimalizia kwa kusema jinsi alivyokuwa ameimba siku ile shambani, hajui. Wenye mashamba walibadilika, bendera ikabadilika, mkonge wenyewe ukafundishwa mambo mapya. Namba ilibaki; ilitoka shingoni ikahamia kitovuni.

Kalumuna alipotoka, Siwatu alimkumbatia mtoto. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye nyoka alikuwa mapajani pake na hakujua kichwa kiko upande gani.

*

Mwajabu ndiye aliyelianzisha. Alikuwa amewalaza mapacha wake sambamba, Kulwa na Doto, hawa walipata majina kabla ya wakati maana mapacha wanazaliwa na majina yao. Akawatazama kwa zamu.

"Mimi sina shule," alisema, "lakini mnieleze. Kulwa chekundu. Doto kijani. Tumbo moja, maziwa yaleyale, nabadilisha ziwa hili na hili. Hiyo chumvi imemjuaje Kulwa ikamwacha Doto?"

Siwatu aliinua kichwa, akatazama wodi kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Kitanda cha dirishani, chekundu. Cha mlangoni, chekundu. Cha katikati, kijani. Yule mama alijifungua binti. Karibu na beseni, kijani, binti tena. Doto mwenyewe, binti.

"Nesi," alisema, na sauti ilimtoka kavu. "Wote ni wa kiume."

Nakunda aligeuka.

"Wekundu wote ni wa kiume. Hakuna wa kike hata mmoja."

Nesi alipita vitanda vyote akifunua na kufunika. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika. "Mtoto wa kiume ana nini ambacho wa kike hana?"

"Mpaka leo hujui?" akadakia mama mmoja nyuma. "Na umri wote huo!"

Safari hii hawakucheka sana. Siwatu alikuwa anamtazama mama yake. Mkono wa Bi Kidawa ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye kile kitambaa cha kaniki tumboni mwa mjukuu, ukakifunika, kama mtu anavyoziba mfuko sokoni.

Kila mtu Kwemlavu analijua jambo hili, hata asiyelisema. Kisiki cha kitovu cha mtoto wa kiume kisiachwe kikamwangukia uumeni. Kikimwangukia, amekwisha, atakuwa mume jina tu, nyumba yake haitasikia kilio cha mtoto. Kwa hiyo mtoto wa kiume akizaliwa, kisiki hukunjwa kuelekea juu, kikabanwa na kaniki iliyokazwa vizuri, kidondokee tumboni. Wa kike huachwa wazi. Na mkono uliowafungia wavulana wote wa kambi ile, kwa miaka nenda rudi, ulikuwa mkono wa Bi Kidawa.

"Mama, mwachie nesi afungue."

"Hafunguliwi. Kisiki hakijakauka."

"Mama."

Bi Kidawa aliondoa mkono. Nakunda akafungua fundo, akakunjua kaniki mzunguko kwa mzunguko. Kisiki kilikuwa kibichi bado, kimelala chali kama mpini wa mwavuli, na pale kilipokunjwa ngozi ilikuwa imepata alama ya zambarau. Nakunda hakukigusa. Akaketi kitandani, kitu ambacho manesi hawafanyi.

"Uzi umekunjika mlangoni mwa kitovu," alisema. "Umekunjika siku kumi na moja. Damu ikikuta kunjo hugandia, kidogokidogo, kama ukoko kwenye sufuria. Ganda likivunjika huelea, likakwama kwenye mshipa wa figo. Figo ikikosa damu hudhani mwili mzima umekauka, basi inapiga kelele: sukumeni! Moyo nao maskini unasukuma, unasukuma. Ndiyo hiyo presha."

"Uongo!" Bi Kidawa alisimama. "Mama yangu alifunga hivihivi. Nyanya yangu alifunga hivihivi, na wanaume walikua, wakaoa, wakazaa! Kaniki imeanza lini kuua?"

"Mlikuwa mnafunga siku ngapi, bibi?"

"Mpaka kidondoke. Sita. Saba."

"Na siku hizi?"

Bi Kidawa alifungua mdomo. Siwatu aliona jibu likimfikia mama yake kabla halijamtoka, na akatamani lisimfikie.

"Arobaini," alisema Bi Kidawa. "Siku hizi hakikauki. Uzi haukiachi kikauke."

Kitambaa kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kitovu. Na wale waliokibadilisha, wenye minara na darubini, waliopima damu, maziwa na mate ya wanawake wa Kwemlavu, hawakuwahi kuketi mkekani na kuuliza: jamani, nyinyi hapa mtoto wa kiume mnamfungaje? Swali la kikombe kimoja cha chai.

Mwajabu alikuwa tayari anamfungua Kulwa. Kina mama wengine nao wakayashika mafundo. Nakunda akaruka. "Acheni! Msifungue!"

Mikono ikaganda.

"Mnanisikia? Dawa ya mnara inapita mlemle. Ile ya asubuhi imekwama nyuma ya kunjo. Mkilikunjua sasa, kisha saa tisa ikaja dozi kubwa, itashuka yote kwa mara moja. Presha itaporomoka na moyo utasimama."

"Na tukiwaacha wamefungwa?"

"Ganda litakua. Hawa wengine watanusurika tukifungua leo. Huyu wa Siwatu..." Alimtazama mtoto. "Huyu, Uzi wake inabidi utoke kabisa, nimpe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Lakini kwanza mnara uzimwe. Na funguo za mnara anazo Kalumuna peke yake."

"Basi mwambie azime," akasema mama wa dirishani.

"Atauliza kwa nini."

Hapo ndipo walipofika wote kwa pamoja: jibu lilikuwa kaniki. Bi Kidawa alimshika Siwatu mkono, akamvuta pembeni ya beseni. Mama huyu hakuwa mtu wa kuogopa. Alizalisha wanawake kwenye mvua na kwenye mahame. Lakini vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mwanangu, usiende. Ukimwambia ni kaniki, umempa panga na umemwonyesha shingo. Leo anachukua wekundu. Kesho atasema mikono yetu ni sumu, achukue wote, wa kike kwa wa kiume, kila atakayezaliwa. Banda, Siwatu. Litarudi banda."

"Najua."

"Na wako akitolewa Uzi, homa je? Umemsahau Sefu?"

Siwatu alimtazama mama yake mpaka mama akainamisha macho. "Wewe ndiwe wa kuniuliza kama nimemsahau Sefu?"

"Nisamehe. Nasema tu, tungojee. Labda dawa itafaa."

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikinyamaza watakufa kimya, mmojammoja, na kila mama ataambiwa ni dagaa zake. Nikisema, watapona na tutanyang'anywa. Niambie unalolijua wewe. Nichague lipi?"

Bi Kidawa hakujua. Katika maisha yake yote Siwatu hakuwahi kumwona mama yake asijue. Hilo lilimtisha kuliko kishanga.

Mtoto akashtuka tena, mikono ikatawanyika. Safari hii macho yalipinda kidogo kuelekea juu kabla ya kurudi. Siwatu akamfunga kifuani kwa khanga, akatoka mlangoni bila viatu.

*

Mnara ulisimama katikati ya uwanja wa kuanikia singa. Kila upande nyuzi nyeupe zilining'inia kwenye waya kama nywele za wazee, na Siwatu alipita katikati yake akikimbia nusu, akitembea nusu, kiganja kikiwa mgongoni mwa mtoto kuhesabu pumzi. Nyuma alisikia nyayo. Hakugeuka.

Kalumuna alikuwa kwenye kibanda cha chini ya mnara, anakula chungwa.

"Mama 4417. Mbona mbio hivyo?"

"Zima mnara. Usiongeze dawa."

"Kwa nini?"

Ndilo swali lile. Siwatu alimweleza. Kaniki, kunjo, ganda, figo. Alieleza vibaya, akaruka, akarudi nyuma, lakini alieleza. Kalumuna alisikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, akaweka ganda la chungwa mezani taratibu, na Siwatu akaona kitu ambacho hakukisahau tena: mtu yule alikuwa amefarijika.

"Kwa hiyo ni nyinyi," alisema.

"Ni sisi tuliofunga. Ni nyinyi mliofanya kisiki kikae arobaini. Hakuna aliyekuja kutuuliza."

"Mama, Uzi umeokoa watoto wangapi hapa? Unajua wewe mwenyewe. Uzi hauna kosa. Kosa ni mila." Akavuta kiti karibu na mitambo. "Naweza kuzima. Lakini mnara hauzimwi bila sababu, na sababu hutamkwa na mlalamikaji mwenyewe, kwa sauti, makao makuu wasikie. Ukishatamka kwamba mikono ya kina mama ndiyo inayodhuru watoto, utaratibu unajulikana. Wote wanakwenda Nyumba ya Malezi mpaka arobaini. Na watakaozaliwa. Unanielewa? Sikutishi. Nakwambia utaratibu."

"Na nisipotamka?"

"Saa tisa itafika."

Saa ya mnara ilikuwa juu ya kichwa chake. Mshale mrefu ulikuwa umeanza kupanda kuelekea kumi na mbili, saa tisa inakaribia. Siwatu aligeuka. Kina mama walikuwa wamesimama kati ya singa, karibu wodi nzima, wavulana wao vifuani wakiwa wamefungwa bado, vishanga vikiwaka kama makaa. Mwajabu alikuwa amebeba wote wawili.

"Usiseme, Siwatu," alisema Mwajabu. Alikuwa analia. "Doto wangu ana kosa gani? Yeye ni mzima. Utamtoa kwangu kwa sababu gani?"

Siwatu alimtazama Doto, kisha Kulwa. Alijua tu kwamba Doto atakuwa hai upande wa pili wa ua ule wa nyaya, na Kulwa, bila kusema, hatakuwa hai upande wowote.

Akaukaribia mtambo. Taa ndogo ikawaka ilipomsikia akihema.

"Naitwa Siwatu binti Mhina," alisema. "Watoto wa kiume wa Kwemlavu wana presha kwa sababu kisiki kimekunjwa na Uzi umekunjwa ndani yake. Tumekunja sisi. Uzi mmeuleta nyinyi. Zimeni."

"Hiyo 'tumekunja sisi' inatosha," Kalumuna alisema.

"Nimesema yote."

"Aliyefunga ni mimi!" Sauti ya Bi Kidawa ilipasuka nyuma ya singa. Akaja mbele, ushungi umemdondoka, nywele nyeupe wazi mbele ya wanaume na mitambo. "Kidawa binti Semboja. Nimefunga wote, kwa mkono huu. Wao hawakufunga, niliwafungia. Mkitaka mtu, mchukueni huyu hapa, waacheni watoto!"

Kalumuna alizungusha ufunguo. Mlio wa mnara, ule ambao watu wa Kwemlavu walikuwa wameacha kuusikia kwa kuuzoea, ulikoma, na ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watoto wawili watatu waliamka wakilia. Kishanga cha 4417 kilififia, kikazima.

"Lori liko njiani," Kalumuna alisema. Alikuwa ameshika tena chungwa lake.

*

Nakunda hakungoja kitanda. Alimlaza mtoto juu ya meza ya mawinda karibu na mlango, akaosha mikono, akafungua kaniki. Kwa vitanda vingine alipaza sauti tu: sasa, fungueni, polepole, kisiki kirudi chenyewe, kisivutwe. Kina mama wakafungua. Mmoja alitema mate chini Siwatu alipopita. "Umetuuza," alisema, lakini hakuacha kukunjua.

"Nikiuvuta Uzi, presha inaweza kuruka," Nakunda alimwambia Siwatu. "Ile dawa ndogo iliyokuwa inamfikia haitamfikia tena. Nitamchoma ya sindano. Na kinga ya homa ndiyo basi. Utamweka ndani ya chandarua kama zamani."

"Vuta."

"Mshike kichwa. Usitazame."

Siwatu alitazama. Uzi ulitoka mweupe, halafu wa waridi, halafu mweusi. Ulitoka mrefu kuliko alivyodhani tumbo lile dogo linaweza kuficha, na kwenye ncha yake ulivuta kitonge kama mbegu ya tikiti. Damu ikafuata. Nakunda akabana, akafunga, akachoma sindano mbili pajani, ya presha na ya kuyeyusha damu, akauzungusha mkanda wake mdogo kwenye mkono wa mtoto, akabonyeza kipira.

"Mia na thelathini," alisema.

Siwatu aliinamia uso wa mtoto. Bi Kidawa akasogea karibu na meza.

Nakunda akangoja, akabonyeza tena. Midomo ya mtoto ilikuwa ya kijivu. Nje, mbali, kwenye barabara ya vumbi inayopita kati ya mkonge, injini kubwa ilisikika ikibadilisha gia.

"Mia na kumi na tisa."

"Nesi..."

"Nyamaza, nasikiliza."

Mwajabu alikuwa ameketi sakafuni na Doto peke yake mapajani. Kulwa amelala kando akiwa wazi, kisiki chake kimegeuka taratibu kuelekea chini, kule kunakokatazwa. Hakuna aliyekirudisha. Akainuka, bila kumtazama Siwatu, akaenda mlangoni akasukuma komeo la chuma mpaka mwisho. Halafu akaketi palepale, mgongo kwenye mlango. Yule aliyetema mate akaja akaketi pembeni yake. Kisha mwingine.

"Mia na sita," Nakunda alisema. "Inashuka. Lakini presha si kitu, mimi nataka figo. Nataka nione figo."

Mkanda ukajazwa, ukatolewa upepo. Lori likafika langoni, likazima injini. Milango yake ya chuma ikabamizwa, watu wakashuka. Sauti ya Kalumuna ikasikika, ileile ya kubembeleza mbuzi. Bi Kidawa alikuwa amemwinamia mjukuu, kifua chake kikigusana na miguu ya mtoto, midomo ikimwenda bila sauti. Wavulana wote wa kambi walipita kwenye mikono hii. Sasa alikuwa ameiweka nyuma ya mgongo, anaogopa kugusa.

Mtoto akakunja uso. Akakunja magoti. Siwatu akajua ni degedege, akafumba macho, akamwona Sefu.

"Ee!" Bi Kidawa alipiga ukelele.

Siwatu akafumbua macho. Mama yake alikuwa amesimama wima, gauni limelowa kifuani, shingo na kidevu vinadondoka matone, na mchirizi mwembamba wenye moto wake ulikuwa bado unapaa kutoka mezani, umepinda, unametameta kwenye mwanga wa mlango, hauishi.

"Amekojoa," Nakunda alisema. Sauti ilimkatika. "Amekojoa, jamani."

Bi Kidawa hakujifuta. Alileta mkono mmoja mbele, polepole, akaukinga pale chini ya mchirizi mpaka kiganja kikajaa.

Lori likapiga honi. Likapiga tena, refu zaidi. Hakuna aliyeinuka kwenda kufungua.